Kamba ya Ketrina kwa Fundi Osea

Haya, mmeshinda. Tangu Pasaka kina mama wa kanisa wananifuata mpaka shambani: bibi, andika habari za Ketrina, bibi, umeshaandika? Kama vile Mpemba yetu hii nzima, hapa kabla ya Tunduma, hakuna mwingine mwenye mkono. Walimu wapo, watoto waliosoma mpaka wakavishwa makofia meusi wapo, lakini kazi mnaileta kwangu, niliyeacha shule kabla sijaizoea, ambaye kalamu naishika kama mwiko wa ugali. Sawa. Nitaandika nionavyo mimi, na anayetaka kunisahihisha akaandike yake.

Ketrina, mama wa Jofrey, ni mke wa Boazi, fundi ujenzi, nyumba yenye mlango wa buluu nyuma ya maegesho ya malori. Kwao ni Mbozi, kijiji cha kahawa juu ya Vwawa, mtoto wa pili wa marehemu Rozi. Wa kwanza ni Elizabeti, ambaye amebaki nyumbani na migomba yake.

Sasa, Ketrina alikuwa na miguu. Msinicheke. Wote tuna miguu, lakini ya Ketrina ilikuwa habari nyingine. Malori yanayokwenda Zambia yakipanga foleni, yeye alikuwa anapita ubavuni mwake na beseni la mayai ya kuchemsha kichwani. Foleni ikisogea, naye anasogea. Lori likianza kushika kasi, naye anakimbia, shingo imenyooka, mkono mmoja unapokea hela, mwingine unapenyeza yai dirishani, chumvi inafuata kwenye kikaratasi, chenji inafuata, na beseni halijatikisika. Madereva wa ng'ambo walimpigia honi wakimwita sista. Wauza karanga wenzake walisema mama huyu amefungwa springi. Yeye alikuwa anacheka tu na kurudi mwanzo wa foleni, jasho linamtoka, kanga imekaza kiunoni. Mwili ule haukuwa wa kuringia. Ulikuwa wa kazi, na ulikuwa wake, ukimwambia nenda anakwenda.

Mwaka mmoja kahawa ilipofanya vizuri, mama yake alimpeleka kwa fundi Osea, cherehani yake ipo pale karibu na mashine ya kukoboa. Alimchagulia kitambaa mwenyewe, cha kijani chenye maua ya njano. Osea hana utepe wa namba kama mafundi wa Tunduma. Ana kamba. Kila mteja ana kamba yake nyembamba ya katani; Osea anaizungusha mwilini, anafunga fundo la mabega, fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la nyonga, kisha anaitundika msumarini. Ukirudi hata baada ya miaka, anaishusha bila kukuuliza jina. Watoto wa kijiji husema kijiji kizima kimenyongwa ukutani kwa Osea. Na mtu akifa, kamba yake Osea haigusi. Inakaa pale mpaka kaburi lijengwe kwa saruji, ndipo ndugu wanakuja kuichukua. Nani alimfundisha hivyo sijui, na yeye haelezi.

Siku ile Ketrina alipolivaa gauni, mama yake alimzunguka kama anayenunua ng'ombe, akasema, "Hili nikikuona nalo hata kwa mbali, hata macho yangu yakiisha, nitajua ni Ketrina wangu."

Lishikeni neno hilo. Ndilo lililomtesa.

Ugonjwa ulimwanza kimyakimya. Aliacha kulala. Akaanza kusema madereva wanamtaja kwenye redio za malori. Akawa anajibizana nao, mchana kweupe, beseni limeachwa kwa nzi. Watu wakasema karogwa, watu wakasema mayai yake yanauzika mno. Boazi hakuwasikiliza, alimpeleka hospitali, na Ketrina akalazwa. Akiwa wodini huko, mama yake Rozi akaugua kifua siku chache tu akafa. Wakubwa wa ukoo wakakubaliana Ketrina asiambiwe kwanza, kichwa chake kisije kikazidi. Wakazika bila yeye. Aliporudi alikwenda kumsalimia mama, akakuta kigoda kimeegemezwa ukutani na Elizabeti amesimama mlangoni hawezi kusema.

Dawa zilimtuliza, huo ndio ukweli, na mtu asije akasema nimeandika kwamba dawa ni mbaya. Redio zilinyamaza. Usingizi ulirudi. Lakini vilevile ilikuja njaa isiyo na adabu, njaa inayokula ugali na kuanza kunusa sufuria ya kesho. Ulimi ukawa mzito, asubuhi miguu haitaki kuamka, na mwili ukaanza kujaa. Ulijaa mashavu, mikono, tumbo, kila mahali. Pete ya ndoa ikatolewa kwa sabuni. Siku moja lori lilianza kusogea, Ketrina akanyanyuka akimbie, akapiga hatua kidogo pumzi ikamkatikia pale pale, na yai likabaki mkononi na dereva akaenda na njaa yake. Tangu hapo akawa mtu wa kukaa kwenye kigoda chini ya mwavuli, anasubiri wateja waje. Na wale madereva waliomwita sista sasa walimwita bamayo, mama, kwa heshima kabisa. Heshima nayo huuma.

Lakini kilichomvunja zaidi hakikuwa matusi. Kilikuwa sifa.

Ninyi mnajua kwetu. Mtu akitoka hospitali akiwa mkavu kama kuni, tunanyamaza na kuangaliana. Akitoka amenenepa, tunapiga vigelegele. Shangazi yake Ikupa, dada wa marehemu baba yake, ndiye alikuwa mbele katika hilo. Kila Ketrina alipopanda nyumbani, shangazi alimpokea njiani kwa makofi.

"Hebu geuka! Geuka tukuone! Eeh, dawa zimekukubali, mwanangu. Tazameni mkono huu, kama mguu wa mtu!"

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, marahaba. Si ulikuwa kijiti wewe? Boazi sasa analala na mke, zamani alikuwa analala na mpini wa jembe!"

Wanawake wakaangua kicheko, nao walicheka kwa upendo. Ketrina alicheka nao, maana ukipewa pongezi unafanyaje? Kisha alikwenda nyuma ya jiko, akaibana ile nyama ya mkono aliyoshikwa, kama mtu anayekagua mzigo wa mwenzake aliotwishwa njiani. Alikuwa anawaza: hawa wanamsifu nani? Huyu si mimi. Mimi nimekwenda wapi?

Basi mwaka jana, kahawa zikiwa bado kwenye majamvi, Elizabeti akapiga simu. Ukoo umekubaliana, kaburi la mama linajengwa mwezi wa nane, na Boazi ndiye fundi. Mkwe kumjengea mkwe ni sifa kubwa. Boazi alifurahi mpaka akaanza kunoa mwiko wake wa saruji. Ketrina yeye alifunga mlango wa chumbani, akatoa gauni la kijani chini ya sanduku, akalivaa. Lilipita kichwani. Likafika kwenye mabega likagoma. Alikaa kitandani nalo limemning'inia shingoni kama aproni, akalia bila sauti.

Kwenye maziko hakuwepo. Mama hakuwahi kumwona na mwili huu. Alikufa akimjua yule wa kukimbia na malori. Sasa atakwenda kusimama mbele ya kaburi akiwa hivi, na mama huko aliko atauliza: huyu mama mnene anayelia ni nani, ametoka ukoo gani?

Mnaweza kusema ni mawazo ya ugonjwa. Mimi nasema ni mawazo ya mtoto.

Akaamua. Kila jioni Boazi alimpa vidonge na kikombe cha maji, naye aliviweka chini ya ulimi, akatoka kama anayekwenda kumwaga maji, akavitema kwenye kopo la waridi lililo kando ya mlango. Njaa ilipungua. Alijihisi mwepesi. Sketi ikaanza kulegea, akafurahi, akaanza kutembea tena ubavuni mwa malori, polepole kwanza. Siku moja alikimbia. Hakukimbia mbali, lakini alikimbia, na wauza karanga wakampigia makofi, na alirudi nyumbani anaimba. Boazi akafurahi naye. Maskini, hakujua anafurahia nini.

Kisha usingizi ukaondoka, kama mgeni asiyeaga.

Kilichofuata kilitokea saa nne asubuhi, foleni imejaa. Ketrina alimfuata dereva mmoja wa lori la mbolea, mzee wa kutoka Kapiri, Zambia, aliyekuwa mteja wake wa siku nyingi, akamwinulia beseni zima la mayai dirishani.

"Chukua yote," akamwambia. "Mpelekee mama yangu. Mwambie nakuja, nimebakiza kidogo tu niwe yule yule."

"Mama yako yuko wapi, bamayo?"

"Mbele huko. Wewe nenda, yuko barabarani anasubiri. Redio yako si imesema sasa hivi?"

Dereva yule alikuwa mtu. Hakucheka, wala hakula hata yai moja. Aliwasha taa za hatari, akaacha foleni impite, akashuka na beseni, akamshika mkono mpaka pale Boazi alipokuwa anajenga ukuta wa gesti. "Shemeji," akasema, "leo bamayo hayuko sawa. Mayai yake haya hapa. Pole, mukwai," kwa adabu ya kwao.

Boazi aliacha mwiko kwenye udongo. Nyumbani alipekua, na hakupekua sana. Waridi lilikuwa limenyauka, akachimba kopo kwa kidole, akakuta vidonge vimelainika kama mbegu zilizokataa kuota. Hakumpiga. Kuna wanaume wangempiga. Alikaa kizingitini.

"Mama Jofrey, kwa nini?"

"Dawa zimekula mwili wangu."

"Mwili si huo upo? Tena mwingi."

Alitaka kumchekesha, kama walivyozoea. Uso wa Ketrina ulipojikunja, akajua amekanyaga kidonda.

"Hata wewe," Ketrina akasema. "Hata wewe unacheka nao."

"Sicheki, mke wangu."

"Unacheka. Mnashangilia huyu, na yule wa malori hakuna anayemwulizia. Hata matanga hamkumwekea. Amekufa, Baba Jofrey! Amekufa na hakuna aliyelia!"

Fundi mzuri wa matofali si lazima awe fundi wa maneno. Boazi alikwenda kuoga, akavaa shati, akamsindikiza kliniki.

Nesi wa pale, Stamili, mama wa kutoka Kamsamba mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alisikiliza yote. Kisha akamwuliza Ketrina, si Boazi: "Miezi yote hii unakuja hapa, nakuuliza unaendeleaje, unasema vizuri. Kwa nini hukuniambia mwili unakusumbua?"

"Nilikuwa napewa hongera, dada. Ningelalamika nionekane sina shukrani?"

Stamili alisogeza kiti karibu. Akasema mwili kujaa ni jambo la kusemwa kama homa inavyosemwa, na daktari anaweza kubadilisha dawa au kutafuta njia nyingine, ila kuacha mwenyewe ni kuruka kwenye lori linalokwenda. "Na usitegemee yule wa zamani arudi wote," akaongeza. "Sitakudanganya. Huenda akarudi nusu." Ketrina aliipokea ile nusu kama mtu anavyopokea mkate wa jana. Akarudi kumeza dawa mbele ya macho ya mume, ulimi unainuliwa kama mtoto. Hilo nalo aliliona aibu, na alilivumilia, kwa sababu alitaka kufika kaburini akijua aliko.

Mwezi wa nane ukafika. Akili ilikuwa imetulia, mwili nao umerudi kujaa, daktari akiwa amesema wangoje kwanza kabla ya kubadilisha. Walipanda Mbozi siku moja kabla ya shughuli, Boazi na mifuko ya saruji, Ketrina na kifurushi alichokibana kwapani. Elizabeti alikuwa mtu wa masufuria tayari. "Mdogo wangu," akasema, "nenda kwa Osea kachukue kamba ya mama, wengine wote wana kazi." Ketrina alikuwa anakwenda huko huko.

Osea amezeeka, lakini bado anakanyaga cherehani. Ketrina alimwamkia, akafungua kifurushi, akalitandaza gauni la kijani mezani.

"Baba, litanue."

Osea aliligeuza, akatazama mishono ndani, akapitisha kidole. "Sikuacha akiba. Mama yako aliniambia likukae."

"Unganisha kitambaa kingine ubavuni."

"Naweza. Litakuwa gauni jingine."

"Basi nitavaa nini kesho? Mama anijue kwa nini?"

Osea aliinuka akatazama ukutani, akashusha kamba ya Ketrina. Ilikuwa imeshika vumbi. Ketrina aliishika, akapitisha vidole kwenye mafundo: bega, kifua, kiuno, nyonga. Alikuwa pale mzima, yule wa malori, mwembamba wa kutosha kuning'inia kwenye msumari. Alijaribu kuizungusha kiunoni. Ncha na fundo vilitazamana kwa mbali kama majirani waliogombana. Akaiweka kwenye shavu.

"Nilikuwa mzuri, baba?"

"Ulikuwa mwepesi," Osea akasema. "Ulikuwa unanipa taabu, hukuwa unatulia nikupime."

Ketrina akacheka, machozi yanashuka. Osea akashusha kamba nyingine, nene kidogo, nyeusi kwa vidole vya miaka mingi. Ya Rozi. Alipomkabidhi, akasita, akamwambia, "Simama." Akamzungusha ile kamba mabegani. Fundo likakaa begani penyewe. Akashusha kifuani. Likakaa. Nyonga, likakaa. Kiunoni lilipungua upana wa kidole gumba.

Mzee akakohoa. "Hapa umempita."

"Nimempita mama?"

"Kidogo. Yeye alikuwa anajibana pumzi nikimpima. Alidhani sioni."

Ketrina alibaki amesimama, mikono imeinuliwa kidogo, kamba ya mama imemkumbatia, asijue aishushe au aiache. Hakuwahi kufikiri kwamba mwili ule uliomjia kama mgeni kutoka kwenye vidonge ulikuwa na njia nyingine ya kumjia. Si kwamba alifurahi ghafla, msiniwekee maneno. Alitaka miguu yake. Bado anaitaka. Lakini lile swali la mama atamjuaje, pale kwa Osea lilikaa chini, na aliondoka na kamba zote mbili.

Usiku ule Elizabeti alifungua sanduku la marehemu, akatoa gauni la kwendea kanisani, la samawati, lenye kola nyeupe. Liliingia. Vifungo viwili vya kiuno waliviacha wazi, wakavifunika kwa mtandio.

Asubuhi watu walijaa, ukungu haujatoka kwenye mibuni. Mchungaji aliomba, kwaya ikaimba, Boazi akamwaga saruji na kuilainisha kwa mwiko, taratibu, kama anayepaka mafuta mtoto. Shangazi Ikupa alikuja mbio kama kawaida yake, mikono tayari kwa makofi, mdomo umeshafunguka: "Hebu geu..." Ketrina akageuka. Mikono ya shangazi ikabaki hewani. Alimtazama kwa kola, kwa mabega, kwa kusimama kwake, na mikono ikashuka polepole mpaka ikashika mdomo.

"Wifi," akanong'ona. Neno alilokuwa akimwita Rozi. Hakusema lingine mpaka chakula kikapakuliwa, na wanaomjua Ikupa wanajua huo ni muujiza wa kuandikwa.

Saruji ilipokuwa bado mbichi, Ketrina alipiga magoti kwenye kona ya kaburi, upande wa kichwa. Akatoa kamba yake mwenyewe, ile nyembamba, akailaza juu ya saruji na kuikandamiza kwa kidole fundo baada ya fundo mpaka ikazama.

"Mama," akasema, "huyu ndiye uliyekuwa unamjua. Sikuja naye siku ile. Mlaze hapo kwako. Mimi nitajaribu kukaa na huyu mwingine."

Boazi aliona. Fundi yeyote angekasirika kuharibiwa kazi. Yeye alichovya mwiko kwenye maji, akalainisha pembeni yake tu, kamba akaiacha ionekane. Na safari hii, yule wa malori akaliliwa. Boazi ndiye aliyeanza.

Basi. Ketrina amerudi Mpemba. Yuko chini ya mwavuli, kamba ya mama amefungia mfuko wa chumvi. Daktari ameshaanza kumbadilishia dawa polepole, na waridi limechipua. Foleni ikisogea, nimemwona kwa macho yangu, vidole vya miguu vinajikunja ndani ya ndala, vinataka kwenda. Haviendi. Anavitazama, anamenya yai.

Nimeandika, mkono unaniuma. Sasa zamu yenu, maana mimi siandiki bure. Wewe unayesoma, ukipita Mpemba, shuka. Usimwambie amenenepa, usimwambie amepungua, mwili wake usiutie mdomoni kabisa. Mwite kwa jina, nunua yai, na umwulize alivyokuwa akikimbia na malori. Akuhadithie mpaka achoke. Kisha njoo kwangu, nyumba ya pili baada ya kisima, unisimulie neno kwa neno alivyosema. Na usije mikono mitupu. Lete na hilo yai.